Mtungi wa Jikoni Si Tenki la Gari

Katika Wilaya ya Kyela, na katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa tangu Kasumulu hadi Matema, lipo swali linaloulizwa katika gereji na katika vijiwe vya madereva: je, gari la petroli haliwezi kufungwa gesi hapa hapa nyumbani, likaachana na kituo cha mafuta? Swali hili si la kipuuzi, na mwenye kuliuliza hastahili kuchekwa. Anastahili kujibiwa kikamilifu, kwa maana jibu la nusu katika jambo hili laweza kuunguza watu.

Lita ya petroli inayotiwa katika gari mjini Kyela imeteremshwa melini katika bandari ya Dar es Salaam, Tanga au Mtwara. Ikitoka Dar es Salaam imesafiri kwa lori zaidi ya kilomita 900, ikapanda Kitonga, ikapita Makambako na Uyole, ikavuka baridi ya Isongole, kisha ikateremka Tukuyu hadi kwenye joto la mpunga na kakao. Kila kilomita katika safari hiyo ina bei yake, nayo bei kikomo inayotangazwa kila mwezi na EWURA kwa kila wilaya huionyesha waziwazi. Mwezi Agosti 2022, vita vya Ukraine vilipokwisha kulitikisa soko la dunia, petroli ilivuka shilingi 3,400 kwa lita hata huko Dar es Salaam kwenyewe. Basi mtu wa mwisho wa barabara alikuwa katika hali gani?

Wazee wetu nao waliyaona ya kwao. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, na kupanda tena mwaka 1979 nchi ikiwa imetoka katika vita vya Uganda, ulifika wakati ambapo magari ya binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili alasiri, na dereva mwenye dharura alilazimika kuwa na kibali. Aliyeishi miaka ile hamshangai kijana wa leo anayeutazama mtungi wa gesi wa mke wake na kujiuliza kama moto ule hauwezi kuzungusha injini.

Waweza, bila shaka. Lakini kabla ya kwenda mbali hatuna budi kulitenganisha neno moja ambalo limechanganya wengi, nalo ni hilo hilo neno gesi. Habari zinazotufikia kutoka Dar es Salaam kwamba teksi na bajaji zimefungwa gesi, na kwamba gharama ya mwendo imeshuka kwa karibu nusu, ni habari za kweli. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, imefanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa sasa, na kituo cha Ubungo kimekuwa kikiyajaza magari tangu zamani kidogo. Ila gesi ile ni gesi asilia, ile iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, inayosafiri kwa bomba na kushindiliwa katika mitungi minene ya gari kwa mgandamizo wa mara 200 wa hewa tunayovuta. Ni gesi ya nchini, haipandi meli, na ndiyo sababu ni rahisi. Bomba lake halifiki Kyela, wala halifiki Mbeya.

Gesi iliyoko jikoni ni nyingine kabisa. Hiyo hupatikana katika usafishaji wa mafuta ghafi na katika uchakataji wa gesi huko ng'ambo, huletwa kwa meli, na ndani ya mtungi hukaa kama maji kwa mgandamizo mdogo tu. Tangu kiwanda cha TIPER cha Kigamboni kiache kusafisha mafuta ghafi mwishoni mwa miaka ya 1990, gesi hii ni mgeni wa bandarini sawa na petroli. (Sisi wa huku tuna hata gesi ya tatu: ile hewa ya ukaa inayotoka ardhini upande wa Kyejo, Rungwe, ambayo kampuni ya TOL Gases huivuna na kuiuza kwa watengeneza vinywaji. Hiyo haiwaki, bali huzima moto. Mtu akikwambia gesi ya Rungwe itaendesha gari lako, mpe soda anywe.)

Mtu wa Kyela, basi, asikiapo sifa za gesi ya Ubungo huku akiwa na mtungi wa jikoni mkononi, analinganisha vitu viwili vinavyofanana jina tu.

Hata hivyo tusiidharau gesi ya mitungi. Duniani kote mamilioni ya magari huitumia. Wajapani wameendesha teksi zao kwa gesi hiyo kwa miongo mingi. Waitalia, Wapoland, Waturuki na Wakorea wanaifahamu kama sisi tunavyoifahamu dizeli. Injini haichukii: moto wake ni safi, haiachi masizi, na oili hukaa muda mrefu bila kuchafuka. Fundi anayesema kwamba injini ya petroli yaweza kutembea kwa gesi ya mitungi hasemi uongo.

Swali ni anaifunga vipi. Katika nchi hizo gari hufungwa tenki maalumu la chuma, mara nyingi mahali pa tairi la akiba, likafungwa kwa mikanda ya chuma kwenye bodi. Tenki hilo lina koki inayojifunga yenyewe gesi ikifika asilimia 80, kwa sababu gesi hiyo ikiwa katika hali ya maji hutanuka sana ipatapo joto, na lazima iachiwe nafasi. Lina valvu ya kupumulia mgandamizo ukizidi, na nyingine inayoziba njia ghafla kama bomba likikatika katika ajali. Kutoka hapo gesi husafiri ikiwa bado maji, chini ya gari, hadi kwenye kifaa kilichounganishwa na maji ya moto ya rejeta, ambacho huigeuza kuwa hewa na kupunguza nguvu yake kabla haijaingia katika injini. Gari huwashwa kwa petroli kwanza; maji yakishapata moto ndipo mtambo unapohamia kwenye gesi. Dereva akizima swichi, au injini ikizimika yenyewe, koki za umeme hufunga njia ya gesi papo hapo. Umoja wa Mataifa una kanuni yake kwa vifaa hivyo, kanuni namba 67, na kifaa kilichopimwa huchapwa alama yake.

Sasa tutazame kinachofanyika mtu akiamua kufunga mwenyewe nyumbani. Mtungi wa kilo 15 unawekwa nyuma ya kiti cha mwisho au ndani ya buti. Mpira wa jiko unavutwa hadi mbele. Gesi inaingizwa katika njia ya hewa ya injini kwa koki ya kufungulia kwa mkono. Gari linawaka, watu wanapiga makofi, na kwa kweli huenda likazunguka mji wa Kyela siku nzima bila shida, maana Kyela ni tambarare.

Shida iko mlimani. Jiko la nyumbani hula kiasi cha robo kilo ya gesi kwa saa. Gari lililojaa abiria na magunia ya mchele, likitoka Kyela iliyo kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari na kupanda hadi zaidi ya mita 2,000 huko Isongole, huhitaji kilo nne, tano au zaidi kwa saa. Mtungi wa jikoni haukutengenezwa kutoa kiasi hicho. Gesi inapogeuka kutoka maji kuwa hewa hunyonya joto, na kadiri inavyovutwa kwa kasi ndivyo mtungi unavyopoa, ukatoka jasho, kisha ukaganda barafu nje, na nguvu ya gesi ikafifia. Aidha, sehemu moja ya gesi hii, iitwayo butani, huacha kuchemka karibu na nyuzi sifuri. Mtungi uliopoa hivyo ukikutana na baridi ya Isongole, gari litakoroma na kusimama katikati ya kona.

Fundi mwerevu anajua dawa yake: anaugeuza mtungi kichwa chini, ili yatoke maji ya gesi badala ya hewa. Hapo ndipo ujanja unapokuwa hatari kubwa. Valvu ya usalama, ambayo kazi yake ni kupumua hewa juu ya maji, sasa imezama ndani ya maji hayo. Ikifunguka itatema gesi ya maji, na tone moja la gesi ya maji likivukizwa hutanuka kiasi cha mara 250. Mpira wa jiko haukutengenezwa kubeba gesi ya maji wala kustahimili joto la injini na msuguano wa bodi. Hakuna koki ya umeme. Gari likigongwa, gesi itaendelea kutoka mpaka mtu akumbuke kwenda kufunga kwa mkono, kama mkono upo.

Na gesi hiyo haiendi juu. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja huruka. Gesi ya mitungi ni nzito, huteremka sakafuni, ikajikusanya miguuni pa abiria na kusubiri. Ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia mbili tu yatosha kuwaka. Cheche ya swichi, ya sigara, ya simu inayochajiwa kwa waya uliochunika, yoyote itafaa. Watengenezaji huitia harufu kali kusudi mtu ashtuke mapema, lakini katika Noah yenye abiria tisa, ndoo ya usipa na mbasa wawili waliotoka Matema, ni nani atakayeinusa?

Tumeyaandika haya kwa urefu kwa sababu wengi hukanywa bila kuelezwa, na mtu mzima asiyeelezwa hufanya lake. Sasa tuingie katika hesabu, ambayo kwa maoni yetu ndiyo ingepaswa kulimaliza jambo hili hata kama hatari isingekuwapo.

Kilo moja ya gesi ya mitungi ina nguvu ya joto ya megajuli 46 hivi, na lita moja ya petroli ina 32 hivi. Maana yake mtungi wa kilo 15 utafanya kazi ya lita 21 za petroli, kama umefungwa vizuri na hauvuji. Tuchukue bei za mfano, msomaji aweke zake za siku anayosoma: mtungi kujazwa shilingi 60,000, petroli shilingi 3,000 kwa lita. Lita 21 ni shilingi 63,000. Faida ya mtungi mzima ni shilingi 3,000. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litatembea kilomita 210 kwa mtungi huo, ambazo hazitoshi hata kwenda Mbeya na kurudi Kyela. Tuseme vifaa kamili na ufundi vimegharimu shilingi milioni moja na nusu: itabidi kumaliza mitungi 500, yaani kilomita 105,000, ndipo fedha hiyo irudi. Huko ni kuizunguka dunia mara mbili na nusu kwa ajili ya kurudi mahali ulipoanzia mfukoni. Na bei ya mtungi ikipanda shilingi 3,000 tu, faida yote imekwisha.

Kwa nini iwe hivyo, wakati kwingineko gesi hii ni rahisi? Kwa sababu huko huuzwa kwa pampu, kama petroli, na mara nyingi kwa kodi iliyopunguzwa. Kwetu huja ndani ya chuma. Mtungi mtupu wa kilo 15 una uzito unaokaribiana na gesi iliyomo, kwa hiyo kila kilo ya gesi inayopanda mlima wa Isongole huja imebeba karibu kilo ya chuma mgongoni, na chuma hicho lazima kirudi kitupu kujazwa tena. Barabara inayoipandisha bei ya petroli ya Kyela huipandisha na hii, tena mara mbili.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo moja baya. Njia pekee ya kufanya gesi ya jikoni ionekane ina faida garini ni kuviacha vile vifaa vya gharama: tenki, koki ya asilimia 80, valvu ya kuziba, kifaa cha maji moto. Yaani akiba ya mwenye gari haitoki katika gesi hata kidogo, bali inatoka katika usalama wa abiria, ambao hawakuulizwa na nauli yao haikupunguzwa. Ni mapatano ya upande mmoja, na gazeti hili haliyakubali.

Wahindi wamepita njia hii kabla yetu. Kwa miaka mingi sheria yao haikuruhusu gesi ya mitungi katika magari, lakini serikali iliitolea ruzuku gesi ya kupikia, na watu wakaiona tofauti ya bei. Mitungi ya jikoni ikahamia kwa siri katika magari madogo, yakiwamo ya kubebea wanafunzi, na moto ukatokea. Mwaka 2000 India ikairuhusu gesi hiyo magarini kwa masharti ya tenki maalumu na vituo maalumu, huku matumizi ya mtungi wa jikoni yakibaki kosa. Kukataza peke yake hakukuwa kumesaidia kitu. Watu walianza kuacha walipopata pa kwenda.

Hapa kwetu ruzuku nayo imeanza. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, unakusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukigawa mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Mitungi hiyo imekusudiwa kumwondoa mama wa Ipinda au Ngonga katika moshi wa kuni. Kila mtungi utakaokimbilia kwenye buti ya gari ni moshi unaorudi jikoni kwake. Tena ule mdogo, kwa kuwa hautoshi kitu garini, ndio unaoleta tabia ya kuhamisha gesi nyumbani kutoka mtungi hadi mtungi bila mizani. Kiwandani mtungi hujazwa kwa kupimwa. Uani hujazwa mpaka ukatae. Ukikatalia asubuhi ya baridi, kisha ukaachwa ndani ya gari lililofungwa vioo katika jua la saa nane la Kyela, hauna tena nafasi ya kutanuka.

Wenzetu wa Nairobi wanajua gharama ya gesi inayohamishwa mahali pasipo na kibali. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, Embakasi, gari lililosheheni gesi lililipuka katika kituo ambacho wasimamizi wa nishati wa Kenya walikwisha kukinyima ruhusa. Watu walikufa, mamia wakajeruhiwa, na nyumba za majirani zikateketea wengi wakiwa wamelala.

Ni nini basi kifanyike? Hatusemi dereva wa Kyela akae na petroli yake ya bei mbaya na kunyamaza. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya kiko mwendo wa saa chache kutoka hapa, kina wahandisi na karakana, na hatuoni sababu kwa nini kisifanye kwa nyanda hizi ile kazi ambayo DIT imeifanya kwa Dar es Salaam: kufundisha mafundi, kufunga magari machache ya majaribio, kuyapandisha Isongole na kuyateremsha, kisha kutangaza hesabu halisi ya barabara hii badala ya hesabu za mtaani. Kampuni za gesi, ambazo malori yao tayari yanafika Mbeya, zingeweza kupimiwa kituo kimoja cha kuuzia gesi kwa pampu jijini humo. Bila chuma cha kurudisha bei ingekuwa nyingine, na pengine hesabu yetu ya juu ingebadilika. Tungefurahi kuiandika upya. Na kama siku moja gesi asilia itapandishwa huku kwa malori, kama inavyosafirishwa kwingineko mahali bomba lisipofika, magari yetu yatahitaji mitungi yake minene yenyewe. Aliyefunga ya jikoni hatakuwa amejitayarisha kwa lolote.

Hayo yana muda wake. La leo ni dogo zaidi. Polisi wa usalama barabarani wanayo mamlaka ya kulisimamisha gari lisilo salama, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina ujuzi wa kuutambua mtungi usiostahili kuwa ulipo. Mtungi wa jikoni wenye mpira unaoelekea mbele ya gari hauhitaji mtaalamu kuugundua. Yatosha kuinua mlango wa nyuma na kutazama. Kazi hiyo haingoji bajeti wala sheria mpya. Yaweza kuanza stendi ya Kyela Jumatatu asubuhi, kabla Noah ya kwanza haijajaa kwenda Mbeya, na abiria mwenyewe anayo haki ya kuomba ainuliwe mlango huo kabla ya kutoa nauli.